Barua ya wazi kwa wanangu mnaopanda nyumbani Kilimanjaro Krismasi hii

Wanangu, wajukuu zangu, na nyie mliooa na kuolewa kwetu, Bwana Yesu asifiwe.

Wengine mnaniita babu, wengine meku, leo naomba mnisikilize kama babu yenu alafu pia kama mzee wa kanisa, maana kwenye hii barua siwezi kuvitenganisha. Naandika mapema kabla hamjafunga mabegi kwasababu mkishafika huku hakunaga tena nafasi ya kukaa chini, siku ya kwanza ni salamu, ya pili ni mbuzi, ya tatu mshaanza kuulizana nani anashuka na nani na gari lina siti ngapi.

Kwanza asanteni kwa kuja. Sijui kama mnajua sisi tunaobaki huku tunavyowasubiri. Kuanzia tarehe 20 nikikaa nje usiku naona taa za magari zinapanda moja baada ya nyingine, bibi yenu anahesabu, anasema hilo litakuwa la fulani, hilo litakuwa la fulani, ndizi za mtori zimeshakatwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshawekwa. Kwetu Uchagani mtu asipopanda Desemba watu wanauliza anaumwa au kuna nini. Na toka treni ya Dar mpaka Moshi irudi ile Desemba ya 2019 tumeona hata wale waliokuwa wanashindwa nauli za basi za mwisho wa mwaka wanafika, na watoto wao. Furaha yetu ni kubwa, msije mkadhani nimeandika kuwalaumu.

Lakini mwaka jana niliona kitu kikaniuma na mpaka leo hakijatoka moyoni. Tarehe 26 nilialikwa kwa watu, ndugu wawili wa tumbo moja, vihamba vyao, yani mashamba ya ukoo, vimetenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea tunayopanda mpakani. Kila mmoja kachinja mbuzi wake, kila mmoja kafunga spika yake, na hawajasalimiana mwaka wa sita sasa kwasababu ya huo mpaka. Watoto waliotoka mjini hawajui habari za mipaka, wakawa wanapenya kwenye masale wanacheza huku na huku, mzazi mmoja akawaita kwa ukali rudini hapa. Mtoto mmoja wa kike, miaka mitano hivi, akauliza kwa sauti, kwani pale sio kwa baba mkubwa? Watu wazima wote tulikuwepo na hakuna aliyemjibu, hata mimi sikumjibu. Na jana yake wote walikuwa kanisani, benchi tofauti, wanaimba kuzaliwa kwa Mwokozi kwa sauti zote nne.

Kwahiyo nataka tuongee, Krismasi ni nini.

Najua kila mwaka kuna vijana wanaanza ubishi kwenye simu kwamba tarehe 25 Desemba haipo kwenye Biblia. Ni kweli haipo, na hakuna mchungaji aliyesoma vizuri atakayewaambia ipo. Kumbukumbu za Roma zinaonyesha mwaka 336 tayari kanisa la pale lilikuwa linaadhimisha siku hiyo, na ndugu zetu wa Ethiopia wanaadhimisha tarehe 7 Januari mpaka leo na hawajakosea kitu. Tarehe ni kwa ajili ya watu kukutana, msipoteze mate hapo. Cha kugombania, kama mnataka cha kugombania, ni hiki alichoandika Yohana sura ya 1 mstari wa 14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu."

Hilo neno akakaa, kwenye Kigiriki alichoandikia Yohana ni kupiga hema. Yani Mungu kaja kapiga hema katikati ya hema zetu, kamba zake zinagusana na kamba zetu, ukikohoa usiku anaskia na akilia mtoto wake nawe unaskia. Majirani zetu Wakatoliki wanaita Umwilisho, na siku ya Noeli wakifika kwenye ile Kanuni ya Imani pale panaposema akawa mwanadamu, kanisa zima linapiga magoti. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa lakini nilishawahi kusali nao siku hiyo kule Kibosho na pale walipopiga magoti nilishindwa kubaki nimesimama.

Na maneno ya hiyo Kanuni hayakuja kirahisi. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, nchi ambayo leo ni Uturuki, kwasababu padri mmoja wa Aleksandria, Ario, alikuwa anafundisha kwamba Mwana kaumbwa, ni mkubwa kuliko viumbe wote ila sio Mungu kama Baba alivyo Mungu. Ukiskia haraka unaona ni ubishi wa wasomi. Lakini fikiria kwa mfano wa hapa kwetu. Mtu amegombana na ukoo mzima, alafu mkuu wa ukoo badala ya kwenda mwenyewe anamtuma kijana wa shambani, nenda kamsalimie. Salamu imefika ndio, lakini mwenye ugomvi atajiuliza, mwenyewe yuko wapi, bado ana hasira na mimi? Maaskofu wa Nikea walikataa hilo. Walisema aliyekuja ni Mungu kweli kutoka kwa Mungu kweli, asili moja na Baba, hakutumwa mtu. Ndo maana nyie mkisema Mungu amenisamehe hamsemi kwa kubahatisha, kaja mwenyewe mlangoni mkamuona.

Sasa tuje kwenye zizi. Hapa nitakaa kidogo, maana naamini mtu wa Kilimanjaro alitakiwa aielewe Luka 2 kuliko watu wengi duniani.

Mmezoea kwenye michezo ya watoto wa Sandei skuli Yusufu anagonga gesti, anafukuzwa, anagonga nyingine, anafukuzwa, alafu wanaenda kulala kwenye banda peke yao porini. Luka hakuandika hivyo. Hilo neno ambalo Biblia yetu imetafsiri "nyumba ya wageni", Luka analitumia tena sura ya 22 kwa kile chumba cha wageni ambacho Yesu alikula Pasaka, ni chumba ndani ya nyumba ya mtu. Alipotaka kusema gesti yenyewe, ile ya Msamaria mwema sura ya 10, alitumia neno lingine kabisa, ila kwenye Kiswahili sura ya 2 na ya 10 yametoka sawa. Kwahiyo wapo walimu wengi wa Biblia wanaona kwamba Yusufu alifikia kwenye nyumba ya watu, pengine ndugu zake maana ule ulikuwa mji wa ukoo wake, akakuta chumba cha wageni kimejaa kwasababu ya ile sensa, wakalala pale ambapo familia yenyewe inalala. Na nyumba za kule za watu wa kawaida mifugo iliingizwa ndani usiku, upande wa chini, watu upande wa juu, na hori hapo katikati.

Wanangu, hiyo si ni nyumba ya bibi yangu! Mimi nimelala kwenye msonge, nyumba ya duara ya nyasi, ng'ombe upande mmoja, sisi upande mwingine, moto katikati, mbuzi wanalala karibu na miguu yako. Mama zetu walishuka tambarare kukata majani wakayapanda nayo kichwani kwasababu ng'ombe wetu hakutoka nje kulisha, alikuwa mtu wa nyumbani. Usiku unaskia anacheua. Ukiamka na baridi unasogea karibu yake unapata joto. Mlango wenyewe mfupi, lazima uiname kuingia hata kama wewe ni nani. Waliofika Bethlehemu wanasema hata lile kanisa lililojengwa juu ya mahali alipozaliwa Bwana mlango wake ni futi nne hivi, mkubwa na mdogo wote wanainama.

Kwahiyo malaika aliposema mtamkuta mtoto mchanga amevikwa nguo za kitoto, amelala katika hori ya kulia ng'ombe, bibi yangu alivyosomewa kwa mara ya kwanza hakushangaa kama Wazungu wanavyoshangaa. Baba alinisimulia kwamba alisema tu, kumbe alizaliwa ndani. Nimelibeba hilo neno maisha yangu yote. Kumbe alizaliwa ndani. Sio nje ya maisha yetu, sio pembeni, ndani kabisa palipo na moshi na kinyesi na watu wengi mpaka hamna pa kuweka mtoto.

Na kuzaliwa kwenyewe kulikuwa kuzaliwa. Zamani walitokea watu waliosema Kristo alionekana tu kama ana mwili ila hakuwa nao kweli, waliona aibu Mungu kunyonya, Mungu kufungwa nepi, Mungu kushikwa na homa. Mtume Yohana akawajibu kwamba roho inayokiri Yesu Kristo amekuja katika mwili hiyo ndiyo ya Mungu. Maana yake mwili sio kitu cha kuonea aibu tena. Hapa nina neno na nyie, naomba mlipokee. Mnakuja na zawadi nzuri, blanketi, sukari, dawa, lakini kwenye nyumba yenye bibi aliyelala kitandani mwaka wa pili mnasimama mlangoni, mnamsalimia kwa mbali, mnaacha hela kwa dada anayemuangalia alafu mnatoka kwasababu ya harufu. Ingieni. Mkalisheni, mlisheni kwa kijiko, mumuogeshe walau siku moja mumpumzishe huyo dada. Mwokozi wetu aliogeshwa na kubebwa na mwanamke wa kijijini, na alivyokua aliwagusa wenye ukoma kwa mkono wake wakati neno peke yake lingetosha. Bibi hajui tena majina yenu lakini mkono wa mtu anaujua.

Sasa nirudi kwenye masale.

Nyie wa mjini mnaona sale kama ua la kupendezesha geti. Kwetu sale ina kazi mbili, na mimi nimezeeka ndo nimeona maajabu ya kwamba ni mmea mmoja. Ya kwanza ni mpaka, inapandwa mstari kati ya kihamba na kihamba kwasababu haifi hovyo, babu anaondoka na mjukuu anakuta mstari upo. Ya pili ni msamaha. Ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unaenda nalo kwake au unampa mzee apeleke, na ukishaletewa sale huwezi kumfukuza mtu. Hata damu ilishawahi kusamehewa kwa lile jani. Kinachotutenga na kinachotupatanisha vimeota kwenye shina moja, ni kuamua tu unakuja kukitumia kwa lipi.

Lakini angalieni utaratibu wake, anayebeba sale siku zote ni mkosaji. Aliyekosewa anakaa kwake, anasubiri, ni haki yake.

Mungu kaubadilisha huo utaratibu. Toka bustanini Adamu kakosa yeye, kajificha yeye, na anayetembea akiita "Uko wapi?" ni Mungu. Na Paulo anasema Warumi 5 kwamba tulipatanishwa naye tulipokuwa adui, sio tulipokuwa tumeshajirekebisha, tulipokuwa adui. Mwenye kukosewa kachuma sale, kaifunga fundo, kainama kwenye mlango mfupi kaingia kwetu. Hiyo ndo Krismasi yangu. Yule mtoto kwenye hori ni sale ya Mungu mikononi mwetu.

Sikulipata hilo kwenye semina. Wengi wenu hamjui kwamba mimi na marehemu kaka yangu tulikaa miaka tisa bila kuongea. Mkosaji nilikuwa mimi, leo naliandika wazi. Baba alipofariki aligawa vizuri, kila mtu na upande wake, ila kwenye mpaka palikuwa na mistari miwili ya kahawa mizuri sana na kahawa wakati ule ilikuwa inasomesha watoto. Kaka alikuwa kazini mbali. Nikang'oa masale usiku nikayasogeza. Ni hatua mbili tatu tu, nikajiambia hatajua. Akajua siku ileile aliyorudi kwasababu yeye ndiye aliyeyapanda na baba. Akaniuliza nikakataa, nikaapa, nikamwambia mbele za watu kwamba ni mtu wa tamaa. Tukaachana hapo. Mimi nikaendelea kuwa mwalimu, nikaendelea kuimba besi kwaya, nikachaguliwa mzee wa kanisa na hiyo kahawa naivuna.

Mwaka wa tisa, mkesha wa Krismasi, mvua inanyesha, nimetoka ibadani nimekaa jikoni na mama yenu mkubwa, mara hodi. Nikafungua nikamkuta kaka, kalowa, kofia mkononi, na jani la sale limefungwa fundo. Nilichanganyikiwa. Nikamwambia hiyo sale ni ya kwangu kuleta, mwenye kosa ni mimi, unajua ni mimi. Akasema, najua. Ila nikikusubiri wewe tutazikana.

Hakusema kingine. Aliingia akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akaomba chai.

Wanangu, nimefundisha Luka 2 miaka mingi, nimeisoma madhabahuni sijui mara ngapi, lakini niliielewa usiku ule nikimuangalia kaka yangu anakunywa chai na maji yanachuruzika kwenye koti lake. Kesho yake baada ya ibada tulienda wawili tukang'oa masale tukayarudisha mahali pake, na ile kahawa ikarudi kwake. Nisieleweke vibaya, msamaha wake haukufuta mpaka, uliurudisha. Angekuja na sale alafu mimi nikabaki na kahawa, hiyo isingekuwa amani, ingekuwa wizi wa mara ya pili.

Na hili nalisema kwa ajili ya dada zenu na wajane wa ndugu zenu. Kuna watu wakiskia upatanisho wanawaambia wanawake wanyamaze, mbona mnaleta ugomvi Krismasi, wakati wameondolewa kwenye shamba la mume au la baba. Mila yetu iliangalia mtoto wa kwanza wa kiume na wa mwisho, mabinti wakaachwa, na nchi yenyewe ilishasema kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Kwahiyo msimpelekee dada yenu sale na mkono mwingine umeshika hati yake. Rudisheni kwanza au rudisheni pamoja. Kaka alinitangulia kwa neema lakini mimi ilibidi ninyanyue jembe.

Najua mtauliza, je kama aliyekosewa ni mimi na nimeumia kweli, niende tu? Siwezi kumlazimisha mtu. Kuna majeraha mengine yanahitaji muda na mengine yanahitaji mahakama, na mtu aliyekupiga hutakiwi kumfuata nyumbani kwake usiku. Naongelea haya yetu ya kawaida, maneno yaliyosemwa msibani, mchango wa harusi ambao haukufika, nani alimuuguza mama na nani hakuja, mpaka uliosogea hatua mbili. Haya ndo yanatumaliza na kila mtu anasubiri mwenzake aanze kwasababu kila mtu anajua yeye ndiye mwenye haki. Hata Mungu alikuwa na haki. Wafilipi 2 inasema hakuona kule kuwa sawa na Mungu kuwa ni kitu cha kushikamana nacho. Mwenye haki zote kaziachia mkono kaja.

Nikiwafikiria wale ndugu wawili wa mwaka jana, mmoja wao atasoma hii barua maana yuko kwenye simu za hawahawa watoto. Mwanangu, sikutaji. Lakini yule binti yako aliuliza swali na nadhani anasubiri bado. Krismasi hii akiuliza tena mimi nitamjibu, nitamwambia ndio, pale ni kwa baba mkubwa, twende nikupeleke, nami nitamshika mkono tupite kwenye masale. Kama utapenda kutangulia utakuwa umeniheshimu sana.

Ibada ya mkesha ni tarehe 24 jioni kama kawaida, njooni mapema maana mabenchi ya nyuma yanawahiwa, na wenye watoto wadogo waleteni sweta, huku juu kukinyesha baridi sio ya mchezo. Tarehe 25 baada ya mnada wa sadaka mtapita kwangu, mtori utakuwepo na maziwa yatakuwepo, na wale wasiokunywa mbege bibi yenu kawawekea soda.

Na pale getini upande wa kushoto nimepanda masale mapya, yameshika vizuri na majani ni mengi. Atakayehitaji achume tu, hata usiku, hakuna haja ya kubisha hodi.

Babu yenu.